Gari lina bima ya kuvuka mpaka, kamera haina

MIONGONI mwa abiria wanaovuka Namanga mwishoni mwa wiki wamo vijana wenye mabegi meusi mgongoni, wakienda Nairobi au Arusha kupiga picha za harusi. Kwa aliyejiajiri, begi hilo ndilo duka, ofisi na mtaji. Likipotea, kazi za msimu mzima zimepotea.

Soko lipo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, iliweka msingi wa watu na huduma kuvuka mipaka. Familia nazo zimechanganyika. Send-off hufanyika Moshi na harusi Nairobi, na anayepiga picha za kwanjula Kampala wiki hii anaweza kuitwa kwenye gusaba Kigali wiki ijayo.

Bima, hata hivyo, haijafuata mwendo huo.

Gari linaweza kuvuka na Kadi ya Njano ya COMESA, mpango wa tangu miaka ya 1980 unaolipa madhara ambayo gari linawasababishia watu wengine nje ya nchi yake. Tanzania, iliyojitoa COMESA mwaka 2000, bado inautumia. Lakini kadi hiyo ni ya gari. Kamera iliyomo kwenye buti haihusiki.

Sababu ni kwamba kila nchi inasimamia bima kivyake. Tanzania kuna TIRA, Kenya na Uganda kila moja ina mamlaka yake ya IRA, na Rwanda kazi hiyo ni ya Benki Kuu. Hati ya bima ya vifaa kwa kawaida hutaja eneo ambalo ulinzi unafanya kazi. Kamera iliyokatiwa bima kwa eneo la Tanzania pekee haitalipiwa ikiibwa Nairobi. Mwenye nayo anapaswa kuomba eneo liongezwe kabla ya safari, na nyongeza hiyo iandikwe kwenye hati. Ahadi ya mdomo ya wakala haitoshi.

Vifaa ni sehemu moja tu. Mgeni akijikwaa kwenye stendi ya taa na kuvunjika mkono, kinachohitajika ni bima ya dhima kwa watu wengine. Mpiga picha mwenyewe akianguka, ni bima ya ajali binafsi. Kadi ya kumbukumbu ikiharibika na picha za kiapo zikapotea, bima ya vifaa hulipa bei ya kadi, si thamani ya picha. Madai ya maharusi huangukia bima ya dhima ya kitaaluma, ambayo wengi hawajawahi kuiulizia.

Mtego mwingine ni kutaja thamani ndogo ili kulipa ada ndogo. Mwenye vifaa vya Sh milioni 10 aliyevikatia bima ya Sh milioni 5, akiibiwa lenzi ya Sh milioni 2, anaweza kulipwa Sh milioni 1 tu, tena kabla ya kukatwa kiasi anachopaswa kubeba mwenyewe. Kampuni huhesabu kwamba alikata bima ya nusu ya mali, hivyo hasara nayo wanagawana nusu kwa nusu.

Masharti ya wizi nayo yanahitaji kusomwa. Hati nyingi hazilipi begi lililoachwa kwenye gari bila mtu, au hutaka kuwepo dalili za kuvunjwa kwa mlango. Mpiga picha anayekula ukumbini huku begi likiwa kiti cha nyuma anaweza kukosa fidia, hata kama ada amelipa kwa wakati.

Kinachosaidia ni kumbukumbu: risiti, picha za vifaa na orodha ya namba zake. Orodha hiyo ikiandikishwa forodhani wakati wa kuvuka, humwepusha mwenyewe kudaiwa ushuru kwa kamera zake wakati wa kurudi, na huwa ushahidi kwamba vifaa vilikuwapo safarini. Wizi ukitokea, taarifa ya polisi ichukuliwe hukohuko ulikotokea.

Mpiga picha mmoja hana nguvu ya kujadiliana na kampuni ya bima. Chama chenye wanachama 50 kinaweza kuomba hati ya pamoja inayotaja Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Nchi hizi ziliweza kukubaliana kuhusu bima ya gari linalovuka mpaka. Hazijafanya hivyo kwa kifaa kinachomlisha aliyemo ndani ya gari hilo.