Magazeti ya zamani yaingizwa kwenye kompyuta

KIGALI – Sisi tuliosomea ukimbizini Tanzania tunaijua historia ya kule kuliko ya nyumbani. Ndiyo maana likizo hii najifunza kazi kwenye mradi wa kuhifadhi magazeti ya zamani, likiwemo Kinyamateka, lililoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1933.

Karatasi ya gazeti ina asidi. Hugeuka njano, kisha humeguka kama chapati kavu. Kila ukurasa hupigwa picha, halafu kompyuta husoma maandishi. Hapo ndipo penye kazi: "Nyundo" hutoka "Nyuudo", na anayetafuta kwao hapaoni. Mashine peke yake, sahau.

Mzee mmoja, mfanyabiashara wa Rusumo, aliulizia matoleo ya Novemba 1959, wazazi wetu walipoanza kukimbia. Aliondoka na nakala mbili, moja ya nduguye aliyebaki Ngara.