Bao au omweso: Mgeni aanzie wapi?

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MTANZANIA au Mkenya wa pwani anayefika Kalerwe, penye soko kubwa la vyakula kando ya barabara ya Gayaza, akikuta wazee wameinamia ubao wa mashimo 32 na kete 64 atajiona yuko nyumbani. Safu ni nne na kila safu ina mashimo manane, sawasawa na bao la kwao. Lakini akiketi kucheza, huenda akafungwa kabla hajajua alipokosea.

Mchezo huo ni omweso, wenye mizizi yake Buganda. Ni ndugu wa bao, ila sheria ni nyingine. Kwa asiyejua hata mmoja kati ya hiyo miwili, aanze na upi? Jibu letu ni omweso.

Bao la Kiswahili lina hatua mbili. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, na 22 nyingine huziingiza moja moja. Hiyo ni namu. Zikiisha, huingia mtaji, na baadhi ya sheria hubadilika. Tena kuna nyumba, shimo lenye masharti yake lenyewe. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alipata udaktari wake mwaka 1995 kwa kuchunguza akili za mabingwa wa mchezo huu. Wenye bao wenyewe hawamtwishi mwanafunzi mzigo wote huo. Wana bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili na namu haipo.

Katika omweso, kete zote ziko ubaoni tangu mwanzo, 32 kwa kila mmoja. Unachagua shimo lako lenye kete mbili au zaidi, unazisambaza moja moja kinyume cha mwendo wa saa katika mashimo yako 16. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazizoa zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Asiyebakiwa na shimo lenye kete mbili ameshindwa.

Kula ndiko kunakomponza mcheza bao. Kwao, huliwa kete za safu ya mbele tu, na za nyuma ziko salama. Katika omweso, kete yako ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na mashimo yote mawili ya mpinzani yanayolikabili yakiwa na kete, unayakomba yote mawili. Moja likiwa tupu, huli kitu. Kwa hiyo mgeni anayejaza safu zote mbili akidhani ya nyuma ni ghala, anamwandalia mwenzake karamu. Kinga ni kuacha shimo moja tupu mbele au nyuma ya lile lenye kete nyingi.

Hata kete zilizoliwa hazisambazwi kwa namna moja. Katika bao huanzia kichwa, yaani shimo la ncha. Katika omweso huanzia shimo linalofuata lile ulikoanzia mzunguko uliokula.

Anayeanza apange kete nne katika kila shimo la safu yake ya nyuma na acheze hivyo michezo kadhaa. Kisha aongeze kula kwa kurudi nyuma, kunakoruhusiwa kutoka mashimo manne ya mwisho kushoto. Mwisho ajifunze kupanga, kwa maana wachezaji waliokomaa hupanga kete zao 32 wapendavyo kabla ya kuanza, kama jemadari anavyopanga askari. Hapo ndipo penye utaalamu, na si pa kuanzia.

Akifika hapo atakutana na ushindi uitwao emitwe ebiri: kula kete za ncha zote mbili za mpinzani kwa zamu moja, na mchezo unaisha papo hapo. Kwa Kiluganda maana yake ni vichwa viwili. Mcheza bao hahitaji mkalimani hapo.

Gharama si kisingizio. Punje 64 za maharage na mashimo 32 yaliyochimbwa ardhini vinatosha. Na kwa mgeni aliyekuja Kalerwe kutafuta riziki bila kujua Kiluganda, kujua omweso ni kupata mahali pa kuketi na watu watakaomsalimia kesho yake.