Taa Ndogo Isiyouzwa Peke Yake, na Mshahara wa Dereva

Ndugu wafanyakazi, katika matawi yetu ya mashamba ya chai na miwa hapa Uganda madereva huleta malalamiko ya kila namna, na mengine wenzetu wa viwandani huyaona madogo mno. Hili la leo ni la taa. Hatusemi taa kubwa za mbele, ambazo kila askari wa barabarani huzitazama. Tunasema vitaa vya ndani ya gari: kile kinachomulika spidomita usiku, kile chekundu cha oili, kile cha chaji ya betri, vile vilivyojificha nyuma ya swichi, na taa ya darini inayowaangazia wachumaji chai wanapopanda gari kabla ya kucha. Tunaomba mtuvumilie, maana ndani ya kitaa hicho mna mshahara wa mtu.

Mambo huenda hivi. Kitaa kikiungua, dereva hutoa habari gereji. Gereji huuliza kwa wakala wa spea, naye wakala hufungua orodha ya kampuni iliyounda gari na kujibu kwamba kitaa hakina namba. Chenye namba ni dashibodi nzima, au kibao kizima cha swichi, na hicho ndicho kinachouzwa. Ni kama mtu aliyepoteza kifungo kimoja cha shati akaambiwa duka linauza suti tu. Kutoka hapo kuna njia mbili, na zote mbili humwangukia dereva. Ama kampuni hukataa gharama na kitaa hubaki kimekufa miezi na miezi. Ama hununua kibao kizima, na mwisho wa mwezi dereva huona katika karatasi yake ya mshahara makato ambayo hakuyatilia saini.

Katika shamba moja la chai, ambalo hatulitaji, lori la kubeba wafanyakazi lilipoteza oili njiani usiku na injini ikakwama. Dereva aliandikiwa barua ya uzembe na kutakiwa alipe, kwa hoja kwamba taa nyekundu ilikuwa mbele ya macho yake naye akaendelea kukanyaga mafuta. Mwakilishi wa tawi aliomba kuletewa kitabu cha gari. Ndani yake dereva alikuwa ameandika mara tatu, katika muda wa miezi miwili, kwamba taa ya oili haiwaki; na pembeni, kwa mwandiko wa gereji, palikuwa na jibu kwamba taa hiyo haiuzwi peke yake. Barua ya uzembe ilifutwa. Lakini kama ndugu yule angalitoa habari kwa mdomo tu, kama wengi wetu tufanyavyo, leo angalikuwa analipia injini ya tajiri.

KITAA KISIPOWAKA

Mtu asiyeendesha gari anaweza kudhani kwamba taa ikifa hasara ni giza tu. Sivyo. Taa ya oili huongozwa na swichi iliyofungwa kwenye injini. Presha ya oili ikishuka, swichi hiyo huunganisha umeme na taa huwaka. Ikiwa balbu imeungua, presha hushuka na dashibodi hukaa kimya, na ukimya huo dereva huusoma kuwa ni salama. Kwa hiyo kila alfajiri fungua ufunguo bila kupiga stati: taa ya oili na taa ya chaji lazima ziwake, kisha zizimike injini inapoanza kunguruma. Ile isiyowaka wakati huo ina kasoro, iwe ya balbu, ya fyuzi au ya waya, hata kama gari linakwenda vizuri.

Taa ya chaji ina siri yake. Katika magari mengi ya zamani, umeme mdogo unaopita ndani ya balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kazi. Balbu ikiungua, alteneta huweza kubaki imelala na betri ikaisha polepole. Hapo watu hununua betri mpya, kisha hununua alteneta, kabla ya mtu yeyote kuikumbuka ile balbu. Hata kuweka LED mahali pake bila kufikiri kwaweza kuleta shida ileile, kwa sababu LED hupitisha umeme kidogo mno.

FUNDI ANAFANYAJE

Neno hili la "haiuzwi peke yake" mara nyingi ni la orodha ya kampuni, si la soko. Katika dashibodi nyingi za zamani balbu imekaa kwenye kishikizo cha plastiki, ambacho ukikizungusha robo mzunguko kwa nyuma hutoka. Balbu yenyewe ni ya kawaida, ya kuchomeka, isiyo na kitako cha chuma. Ya unene wa milimita 5 mafundi huiita T5, na ya milimita 10 huiita T10. T5 ya dashibodi mara nyingi ni ya wati 1.2, na T10 ni ya wati 5. Taa ya darini kwa kawaida hutumia balbu iliyo kama kibomba cha kioo chenye ncha mbili za chuma, inayobanwa kati ya vyuma viwili. Hiyo pima urefu wake kabla ya kwenda dukani, maana ziko za milimita 31, za 36 na za 41. Kofia ya mpira ya kijani au buluu iliyovikwa balbu iliyokufa ivue uivike mpya, la sivyo dashibodi itatoa rangi mbili.

Tena soma volti. Gari dogo ni la volti 12, lakini malori na mabasi mengi ni ya volti 24, na balbu ya 12 ukiitia humo huungua papo hapo. Wengine huongeza wati wapate mwanga zaidi, kisha hushangaa plastiki ikiyeyuka.

Kazi huwa ngumu kwa zile zilizolehemiwa kwenye kibao. Nyingine ni balbu ndogo kama punje ya mtama, zenye nyaya mbili. Magari ya miaka ya karibuni huwa na LED. Hapo fundi wa redio humshinda makanika, na hatuoni haya kusema hivyo. Anacho chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, anayo mita, na mkono wake umezoea vitu vidogo. Kwanza atazame viungo vya risasi. Barabara zetu za mashambani hutikisa gari mpaka kiungo hupasuka, na LED yenyewe ikawa nzima; akikigusa tena kwa moto, taa hurudi bila kununua kitu. Ikiwa imekufa kweli, aweza kung'oa nyingine kutoka kibao cha gari lililokatwa. Vibao vya namna hiyo hutafutwa kwa wauza spea kuukuu, kama wale wa Kisekka pale Kampala.

Anayetaka kuunga LED mpya mahali pa balbu ya kawaida ajue hesabu yake, kwa kuwa LED haipewi umeme wa betri moja kwa moja. Katika gari la volti 12, injini ikiwa inachaji, volti hufika kama 14. LED nyeupe hutumia volti 3 hivi. Zile 11 zilizosalia lazima zimezwe na rezista, kile kidude chenye mistari ya rangi. Kwa umeme wa miliampia 20, gawanya 11 kwa 0.02, utapata omu 550. Dukani utapewa ya omu 560, nawe uchukue ya nusu wati. Kwa lori la volti 24, ambazo hufika kama 28, omu 1,500 ya wati 1 inafaa. LED ina upande wake: ukigeuza nyaya haiwaki, basi usiitupe kabla ya kuigeuza.

Kabla ya kufungua lolote, toa waya hasi wa betri. Gari lenye mfuko wa hewa kwenye usukani halitaki haraka: subiri dakika kadhaa baada ya kutoa waya, na nyaya zenye ala ya njano usiziguse kwa mita.

Wanachama wametuuliza kama kampuni za magari hufanya hivi makusudi. Jibu letu ni ndiyo na siyo. Kibao mara nyingi hutengenezwa na kiwanda kingine na kuletwa kimekwisha kufungwa, na mashine hulehemu LED zote kwa mpigo; hiyo ni rahisi kwao. LED nzuri hudumu saa maelfu mengi, na aliyebuni kibao alihesabu kwamba gari litachoka kwanza. Hakuhesabu kwamba gari likichoka Japani litavuka bahari na kuanza maisha ya pili katika vumbi la Kyenjojo. Lakini bei ya kibao kizima si jambo la mashine, ni jambo la faida. Wenzetu wa viwandani wakumbuke kwamba mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu, wakiwamo Osram wa Ujerumani na Philips wa Uholanzi, waliunda umoja ulioitwa Phoebus, makao yake Geneva, wakakubaliana kwamba balbu ya nyumbani idumu saa 1,000. Kiwanda ambacho balbu zake zilidumu zaidi kilitozwa faini. Vita vya 1939 ndivyo vilivyouvunja umoja huo. Hatusemi kwamba mambo ya leo yamepangwa mezani namna ile. Tunasema mwenye kuuza ndiye aliyeandika orodha.

Sasa turudi kwenye mshahara. Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Uganda imeuridhia, unasema kwamba makato yakubaliwe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi, na kwamba mfanyakazi ajulishwe masharti hayo. Kwa jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kusudi la mfanyakazi. Balbu haiungui kwa kusudi la mtu. Huungua kwa sababu imewaka.

Matawi yanayojiandaa kwa mazungumzo ya mapatano mapya tunayashauri yadai kwanza kitabu cha gari chenye karatasi ya kaboni, ili nakala ya kila kasoro ibaki mkononi mwa dereva. Pia gari ambalo taa yake ya oili au ya breki haiwaki lisipakie watu mpaka litengenezwe, na dereva anayekataa kuliondoa asihesabiwe mkaidi. Sanduku la balbu gerejini lisiwe neno la kubishaniwa siku nzima. Ni vitu vya bei ndogo, na wasimamizi wengi wakielezwa hukubali. Kinachobishaniwa kwa kweli ni nani alipe kibao kizima kinapolazimika kununuliwa, na hapo msirudi nyuma: kibao ni cha gari, na gari ni la kampuni.

Mwenye karatasi ya mshahara yenye makato ya namna hii aje nayo ofisini kwa chama pamoja na nakala ya kitabu cha gari. Asitie saini karatasi yoyote ya kukubali deni kabla hajaonana na mwakilishi wake.