Propela ya kaboni: faida yake si ile inayosemwa barazani

Juma lililopita baada ya Isha, mpwa wangu alinijia barazani na simu mkononi. "Shikamoo mjomba. Hebu tazama hii." Ilikuwa picha ya propela nyeusi inayong'aa. Yeye ana Mark X ya kuvuta nyuma, na ikifika kilomita 90 kwa saa inatetemeka sakafu nzima. Wenzake wamemwambia akifunga propela ya nyuzi za kaboni mtetemo utakwisha na gari litaruka kama mshale. Pesa alikuwa ashaziweka kando, na mimi najua mamake alizihesabu kwa karo ya mdogo wake.

Propela ni ule mrija unaopita chini ya gari, kutoka giaboksi hadi difu, kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Unazunguka kwa kasi kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa kilomita 110 kwa saa, ambao ndio mwisho wa sheria kwa gari dogo kwenye barabara zetu kuu, propela ya saluni ya kawaida huzunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Gari la kukimbia kilomita 300 kwa saa, propela yake hukaribia mara 8,000.

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Kila mrija una kasi yake ambayo ukiifikia huanza kupinda katikati na kucheza kama kamba ya watoto ya kuruka. Ukiendelea, huvunjika. Mrija ukiwa mrefu, kasi hiyo hushuka vibaya: urefu ukizidi mara mbili, kasi hiyo hubaki robo. Kwa hivyo watengenezaji hukata propela ya chuma vipande viwili na kuishika katikati kwa beringi. Dawa hiyo inafanya kazi, lakini huongeza uzito, na huongeza vitu vya kuchakaa.

Kaboni huja na jibu jingine. Sisi watu wa Pwani tunazijua boti za faiba: nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi. Kaboni ni utaratibu uo huo, ila nyuzi zake ni ngumu zaidi kupinda. Uzito wake ni kama moja ya tano ya chuma kwa ujazo ule ule. Mrija mwepesi na mgumu huchelewa kuanza kucheza, basi kipande kimoja kinatosha. Ford walifanya hivyo kwa Mustang Shelby GT500 ya 2013, gari la nguvu za farasi 662 lililojengwa kupita kilomita 320 kwa saa. Nissan 350Z na Mazda RX-8 nazo zilitoka kiwandani na propela za kaboni. Ile ya Mercedes SLS AMG haifiki kilo 5.

Sasa kuhusu hilo la gari kuruka. Propela ni nyembamba, na kitu chembamba hakihitaji nguvu nyingi kukizungusha. Kupunguza kilo kadhaa hapo husaidia kidogo tu. Ukipunguza uzito wa rimu na matairi utahisi zaidi. Faida ninayoiheshimu mimi ni nyingine: propela ya chuma ikikatika mbio, yaweza kuchoma sakafu, au ikadunga lami na kuliinua gari. Ya kaboni huelekea kuchanika nyuzi nyuzi kama ufagio wa makuti.

Aibu zake nazo zipo. Haichomelewi; jiwe likiigonga na kuipasua, hiyo ni ya kutupwa. Haipendi joto la ekzosi. Na kwetu kuna chumvi: kaboni ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo huliwa, kwa hivyo ncha zake lazima zitenganishwe vizuri na kaboni. Propela ya bei rahisi isiyojulikana ilikotoka, sitaki kuiona chini ya gari linalolala hatua chache kutoka baharini. Hata BMW, waliotumia kaboni kwenye M3 na M4, baadaye walirudia chuma, kwa sababu chujio jipya la ekzosi lilihitaji nafasi.

Asubuhi yake tulipeleka Mark X kwa fundi. Aliliinua, akaishika propela kwa mkono mmoja, akaitikisa. Raba ya beringi ya katikati ilikuwa imechanika, propela inaning'inia. Akabadilisha beringi na kuangalia balansi, tukalipa, tukashika njia ya Malindi. Kilomita 90, kimya. Mia, kimya. Mpwa wangu hakusema kitu mpaka Mtwapa, kisha akauliza: "Mjomba, na rimu nyepesi je?"