Kiwanda cha pikapu kikisimama, hesabu magari yaliyoko yadini

KIWANDA cha magari kinapotangaza kusimamisha kazi kwa wiki kadhaa, wenye hisa wengi huipokea habari hiyo kama ya msiba. Hisa huuzwa kwa pupa, wauza vipuri hushikwa na wasiwasi, na mwekezaji mdogo huwa wa mwisho kutoka, akiwa na hasara mkononi. Yaliyotokea Marekani mwaka 2008 yanaonyesha kwamba tangazo la kusimama huja mwishoni. Hasara yenyewe huwa imeanza miezi mingi nyuma, ikiwa imeegeshwa kwenye yadi za mawakala.

Mwaka huo bei ya mafuta ghafi ilipanda hadi kupita dola 147 kwa pipa mwezi Julai, na petroli nchini Marekani ikavuka wastani wa dola 4 kwa galoni. Wamarekani waliozoea pikapu na magari makubwa ya familia yenye injini za silinda nane wakaanza kupiga hesabu upya. Mei 2008, Honda Civic, gari dogo la saluni, liliuzwa kwa wingi kuliko pikapu za Ford F-Series. Gari la saluni halikuwa limeishinda pikapu hiyo kwa mauzo ya mwezi tangu Desemba 1992.

Wafanyabiashara wa magari wa huko hupima akiba kwa siku. Chukua wakala mwenye pikapu 30 yadini anayeuza 10 kwa mwezi: ana akiba ya siku 90. Kiasi kinachohesabiwa kuwa cha kawaida ni siku 60 hivi. Mauzo yakishuka hadi pikapu sita kwa mwezi, pikapu zilezile 30 zinakuwa akiba ya siku 150, bila kiwanda kuleta hata moja zaidi. Na wakala hakuzinunua kwa fedha yake. Amekopa, na riba inahesabika kila siku gari linapolala.

Hapo kiwanda kina njia mbili. Kinaweza kuendelea kuzalisha na kutoa punguzo kubwa, au kinaweza kusimama hadi yadi zipungue. Njia ya kwanza huvutia kwa sababu kampuni huandika mapato gari linapoondoka kwenda kwa wakala, kabla mnunuzi wa mwisho hajajitokeza. Kampuni inayosimama inaona mapato yake yakikatika papo hapo. Ndiyo maana wakurugenzi wengi huchelewa kusimama, na wanaponunua muda namna hiyo, bei ya magari yaliyotumika nayo huporomoka. Ford iliyaonja hayo: katika robo ya pili ya 2008 ilitangaza hasara ya dola bilioni 8.7. Ndani yake, dola bilioni 2.1 zilitokana na kushuka kwa thamani ya magari ambayo kitengo chake cha fedha kilikuwa kimeyakodisha kwa wateja.

Kampuni tatu, njia tatu

Toyota ilisimama ikiwa na fedha. Julai 2008 ilitangaza kwamba kuanzia Agosti itasimamisha kwa miezi mitatu uzalishaji wa pikapu ya Tundra na gari kubwa la Sequoia katika viwanda vya Texas na Indiana. Kiwanda cha San Antonio, Texas, kilikuwa hakijatimiza hata miaka miwili tangu kifunguliwe. Wafanyakazi wa kudumu hawakuachishwa. Waliwekwa kwenye mafunzo na matengenezo ya kiwanda huku wakilipwa. Kampuni haikuepuka maumivu, kwani mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2009 ilipata hasara yake ya kwanza tangu 1950. Lakini kiwanda kilifunguliwa tena kikiwa na mafundi walewale.

Ford iliishi kwa mkopo iliouchukua mapema. Mwishoni mwa 2006, benki zilipokuwa bado zinakopesha kwa urahisi, iliweka rehani mali zake na kupata zaidi ya dola bilioni 23. Hisa yake ilishuka chini ya dola 2 Novemba 2008, lakini kampuni haikufika mahakamani.

General Motors haikuwa na mto wa kulalia. Tarehe 3 Juni 2008 mkuu wake, Rick Wagoner, alitangaza kwamba viwanda vinne vya pikapu na magari makubwa vingeacha kazi hiyo: viwili Marekani, kimoja Canada na kimoja Mexico. Kimojawapo kilikuwa cha Janesville, Wisconsin, kilichokuwapo tangu 1919. Gari la mwisho lilitoka hapo tarehe 23 Desemba 2008, siku mbili kabla ya Krismasi. Katika robo ya tatu ya mwaka huo peke yake, kampuni ilikuwa imeteketeza dola bilioni 6.9 za fedha taslimu.

Juni 1, 2009 GM iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Siku ya mwisho ya soko kabla ya hapo, hisa yake ilifungwa kwa senti 75. Kampuni mpya iliuza hisa kwa umma Novemba 2010 kwa dola 33, lakini waliokuwa wameshikilia hisa za zamani hawakupata chochote. Wapo waliozinunua kwa kuwa zilionekana rahisi.

Uliza sababu

Si kila kusimama kunafanana. Mwaka 2021 viwanda vya pikapu vya Ford na GM vilisimama tena mara kadhaa, safari hii kwa kukosa vipande vidogo vya elektroniki. Wanunuzi walikuwapo, yadi zilikuwa tupu, na bei zikapanda. Aliyeuza hisa kwa kusikia tu neno “kusimama” alisoma nusu ya habari.

Kwa mwekezaji wa Dar es Salaam au Nairobi, kanuni hii haihitaji kiwanda cha pikapu. Iwe ni saruji, bia au sabuni, fungua mizania ya kampuni na utazame mistari miwili: bidhaa zilizoko ghalani, na fedha taslimu ukilinganisha na madeni yanayokaribia kulipwa. Bidhaa zikiongezeka kwa kasi kuliko mauzo kwa miaka miwili mfululizo, jua tangazo liko njiani hata kama mwenyekiti anatabasamu mkutanoni. Likitoka, swali la kujiuliza ni moja: kampuni hii inaweza kulipa mishahara na riba kwa miezi mingapi bila kuuza kitu?

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wanazungumzia fedha na chakula, si pikapu zilizolala yadini kwa mkopo.