Matairi makubwa hudai difu mpya

Wamiliki wengi wa Land Cruiser na Land Rover, wawe Arusha au Muscat, huanza kuboresha magari yao kwa kununua matairi makubwa. Gari huinuka na kuvuka mawe bila kukwaruza tumbo. Hata hivyo, badiliko hilo hugusa mfumo mzima unaopeleka nguvu kutoka kwenye injini hadi magurudumuni.

Sababu ni hesabu. Katika difu za Land Cruiser nyingi za zamani, gia kubwa ya duara ina meno 37, na gia ndogo inayoizungusha ina meno 9. Propela huzunguka mara 4.11 ili magurudumu yazunguke mara moja. Tairi la inchi 31 likibadilishwa kwa la inchi 35, kila mzunguko hulipeleka gari mbali zaidi kwa asilimia 13 hivi. Injini huelemewa mlimani, klachi huchakaa mapema, na mita ikionyesha kilomita 100 kwa saa, mwendo halisi ni takriban 113.

Kurejesha nguvu ya awali kunahitaji uwiano wa karibu 4.64, hivyo mafundi huchagua gia za 4.56 au 4.88. Kwa mwenye kubeba mizigo mizito, ya pili ndiyo bora.

Kosa kubwa ni kubadili difu ya nyuma peke yake ili kupunguza gharama. Magurudumu yote manne yakiunganishwa, ekseli mbili hutaka kwenda kwa kasi tofauti. Mchangani matairi huteleza na kupunguza mkazo. Kwenye mwamba hakuna kinacholegea, na huvunjika propela, shafti ya gurudumu au giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Anayenunua difu iliyotumika anaweza kuipima baada ya kuifunga. Gia huwekwa huru, gurudumu moja huinuliwa na kuzungushwa mara mbili kamili huku la upande wa pili likiwa chini, na mizunguko ya propela ikahesabiwa. Kwa difu ya kawaida isiyo na kufuli, idadi hiyo ndiyo uwiano wake. Mbele, hab za magurudumu hufungwa kwanza.

Kipimo hiki chepesi kimebeba hatari. Katika Land Rover Defender za zamani na baadhi ya Land Cruiser za zamani, breki ya mkono hushika propela, si magurudumu. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, breki hiyo hailizuii tena gari kubingirika. Ni lazima magurudumu yaliyo chini yawekewe vigingi mbele na nyuma, na gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki.

Kufungua difu ya Land Cruiser kunawezekana nyumbani: mafuta humwagwa, shafti huchomolewa, propela hufunguliwa na difu hutoka nzima, ingawa ni nzito kwa mtu mmoja. Kupanga gia ndani yake ni kazi nyingine. Nafasi kati ya meno hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na gia hizo mbili huuzwa kwa jozi zilizosagwa pamoja. Busara ni kuipeleka kwa fundi mwenye vipimo, kisha kuirudisha na kuijaza mafuta ya daraja la GL-5. Mafuta hayo yasitiwe kwenye giaboksi bila kusoma kitabu cha gari, kwani baadhi yake huharibu ringi za shaba.