Wataka kodiani? Pima mvukuto kwanza, bei baadaye

Jioni pale Githurai 45 makanga anaita abiria, spika za mat zinatetemesha vioo, naye mama mboga anataja bei ya nyanya. Kelele hizo umezizoea. Lakini hudhuria ruracio wikendi, mzee mmoja afungue kodiani na mwenzake agonge karing'aring'a, ile pete ya chuma, uone hema zima linavyosimama.

Hiyo ni mwomboko, dansi ya wawili wawili iliyovuma eneo la Kati miaka ya 1930 na 1940, Wakikuyu walipochanganya miondoko yao na dansi za Wazungu. Shida ni moja: wengi wanaoipiga sasa ni wazee. Vijana wasipojifunza, tutabaki na rekodi tu.

Habari njema ni kwamba ala yenyewe si kubwa. Kodiani ya safu moja ina vitufe 10 vya mkono wa kulia, lakini inatoa sauti 20. Kila kitufe hulia sauti moja ukisukuma mvukuto na nyingine ukivuta. Ndiyo maana muziki wake unarukaruka hivyo. Kodiani yenye vibao vya piano hutoa sauti ile ile pande zote mbili, ila ni nzito. Kuibeba kwenye mat iliyojaa ni noma.

Sasa chunga hapa. Ya safu moja imefungwa kwenye ufunguo mmoja, kwa mfano C, D au G. Kabla hujatoa pesa, muulize mzee unayetaka kupiga naye kodiani yake ni ya ufunguo gani. Akiwa na ya C nawe ununue ya D, hamtapatana hata kama wimbo mnaujua wote.

Ukiuziwa iliyotumika, usidanganywe na rangi inayong'aa. Fungua mkanda wa mvukuto, shika ala kwa juu, uache upande wa chini uning'inie bila kugusa kitufe. Ukishuka mbio, hewa inavuja. Kisha bonyeza kitufe kimoja kimoja, ukisukuma na ukivuta. Ukisikia kinachokwaruza au kilicho kimya, ujue ndimi za chuma zilizo ndani zina kutu, uchafu au zimevunjika. Uliza mapema ni nani ataitengeneza, maana fundi wa redio si lazima aijue.

Ukiipata, usivute mvukuto kwa nguvu bila kubonyeza kitu. Tumia kitufe cha hewa. Iweke mbali na unyevu na jua kali.

Na majirani? Kuta za ploti ni nyembamba, na kodiani haina kitufe cha kupunguza sauti. Fanya mazoezi mchana, dakika 20 zinatosha, wimbo mmoja hadi uingie kwenye vidole.

Usingoje kitabu cha noti. Mwombe mzee ruhusa umrekodi kwa simu akipiga polepole, kamera ikielekea mkono unaosukuma na kuvuta. Hapo ndipo siri ilipo. Halafu rudi kwake wiki ijayo umwonyeshe ulichoshika. Wengi wao wangefurahi kuulizwa, ila hakuna kijana aliyewahi kuwauliza.